Kulinda nyani

Chukua sentensi ya maneno mawili tu: "Analinda nyani." Mwulize mtu wa Handeni ina maana gani, msimu ambao mahindi yameanza kubeba. Atakwambia huyo yuko shambani tangu alfajiri, manati mkononi na debe la kugonga pembeni, kwa sababu akigeuka kidogo tu kundi litashuka kutoka msituni na kumaliza mistari kumi. Sasa mwulize mtu aliyevaa sare ya wanyamapori. Kwake sentensi hiyohiyo ni maelezo ya kazi: anahakikisha nyani hadhuriwi. Maneno ni yaleyale na nyani ni yuleyule. Kilichogeuka ni nani yuko hatarini.

Sijui lugha nyingi, lakini Kiingereza kidogo nilichosomeshwa hakiruhusu mchezo huu. Kitenzi chao "protect" kimetoka kwenye Kilatini, na asili yake ni kufunika kitu kwa mbele, kama mtu anayeweka ngao. Kinachofuata baada ya kitenzi ni kile kinachofunikwa. Adui, akitajwa, hutengewa nafasi yake mwishoni mwa sentensi, na ana kineno chake cha kumtambulisha. Huwezi kuwachanganya.

Kiswahili hakijali sana. Tunasema mtoto analinda mpunga, na tunasema analinda ndege, tukiwa na maana ya kitu kimoja. Ukipita Mombo, wilaya ya Korogwe, kwenye mashamba ya umwagiliaji wakati mpunga unakomaa, utawakuta watu wamekaa kwenye dungu, kile kijukwaa cha miti, wakipiga kelele na kuvuta kamba zilizofungwa makopo. Wengine huita kazi hiyo kuamia. Ukimwuliza mama wa huyo mtoto yuko wapi, jibu ni fupi: "Kaenda kulinda ndege." Hakuna anayedhani kwamba mtoto yule ni mpenzi wa ndege.

Halafu kuna ile "na" yetu. Tunaomba Mungu atulinde na maradhi, atulinde na husuda, atulinde na majirani wabaya. "Na" hapo inamtaja adui. Lakini "na" hiyohiyo ndiyo inayounganisha: baba na mama, chai na maandazi. Basi mtu akisimama jukwaani akasema, "Sisi tunalinda wanyama na watu," amesema nini? Huenda amesema anawalinda wote wawili. Huenda amesema anawalinda wanyama, na wanaolindiwa ni watu. Sarufi inakubali zote mbili, na msemaji mjanja anaweza kushuka jukwaani bila kulazimika kuchagua. Wapo wanaosema "dhidi ya" ilikuja kutuondolea utata huo, na ni kweli inasaidia. Ila hebu sikiliza hotuba: "dhidi ya" ndilo fungu linaloachwa. Tunalinda rasilimali za taifa. Tunalinda maadili. Tunalinda amani. Nukta.

Wakati wa uchaguzi wa mwaka 2015 nchi nzima ilibishana kuhusu "kulinda kura", mita 200 kutoka kituoni au nyumbani, mpaka suala likafika Mahakama Kuu. Ubishi ule haukuhusu mita. Watu walikuwa wanabishana kuhusu nani ni nyani katika sentensi ile, na hakuna aliyetaka kulitamka jina hadharani. Na ukikifanya kitenzi hiki kuwa cha kutendeana, "kulindana", kinageuka lawama kabisa. Wanalindana, tunasema, na kila mtu anajua kuna fedha zimeliwa mahali.

Swali langu ni la kimaadili zaidi kuliko la kisarufi, ingawa nadhani sarufi ndiyo inayoliweka wazi: je, mtu ana haki ya kusema anakulinda, au analinda kitu kilichoko kwako, bila kukwambia anakilinda na nani? Na kama huyo "nani" ni wewe mwenyewe?

Ukanda huu wa Handeni na Korogwe una historia ndefu ya kujibiwa swali hilo kwa vitendo. Katika Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi anasimulia jinsi Mbega, mwindaji kutoka Ngulu, alivyofukuzwa kwao kwa sababu ni kigego, akazunguka na mbwa wake mpaka milima ya Usambara. Washambaa walikuwa wanaliwa mazao na nguruwe. Mbega akawaua wale nguruwe, akawagawia watu nyama, na mwishowe wakampa ufalme. Wengi husoma simulizi hii kama hadithi ya shujaa. Mimi huisoma kama maelezo ya mkataba. Mlinzi amekuja, adui anajulikana kwa jina na kwa kwato zake, mlinzi ndiye anayelala porini na kuumia, na wanaolindwa wanaona faida kwenye chungu cha jioni. Wakakubali. Mtu akitaka kujua utawala unazaliwaje, aanzie hapo, kwenye shamba linaloliwa na nguruwe.

Ukoo wa Mbega ukatawala vizazi kadhaa. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862, na baada yake wana na wajukuu wakaingia vitani wao kwa wao. Mmoja wao, Semboja, alikuwa ameweka makao Mazinde, bondeni, kwenye njia ya misafara; leo Mazinde iko wilaya ya Korogwe na mabasi ya Arusha yanapita hapo kila siku bila abiria kugeuza shingo. Njia ya misafara ilileta bunduki, na bunduki zilinunuliwa kwa watu. Wakilindi waliopewa enzi kwa kuua nguruwe wakawa wanakamata raia na kuwauza. Wabondei waliasi, wakawafukuza. Jina la kazi halikubadilika katika muda wote huo: mtawala alibaki mlinzi wa nchi. Sentensi ilikuwa ileile, na wananchi walikuwa wamehamishwa kimyakimya kutoka upande wa mpunga kwenda upande wa ndege.

Wajerumani wao walikuja na kitenzi chao wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita bara kwa wiki chache akiwawekesha machifu alama kwenye karatasi za lugha wasiyoisoma, katika Usagara, Nguru, Ukami na Uzigua. Uzigua ndiyo Handeni na jirani zake. Tarehe 27 Februari 1885 mfalme wa Ujerumani akatoa hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake. Ukiitafsiri kwa uaminifu, jina lake ni "barua ya ulinzi". Koloni lenyewe kwa Kijerumani rasmi liliitwa eneo la ulinzi, na jeshi lake, kuanzia mwaka 1891, likaitwa kikosi cha ulinzi. Jeshi lililopiga mijeledi na kuchoma vijiji, jina lake mlinzi!

Walinzi hawa walikuwa wanamlinda nani na nani? Wazigua hawakuwa wameomba. Bwana Heri wa Saadani, aliyekuwa na nguvu Uzigua, alipigana nao mpaka akasalimu amri mwaka 1890. Jibu la kweli ni kwamba karatasi ile ilikuwa inawalinda Wajerumani na Waingereza, na Sultani wa Zanzibar, wasije wakaichukua ardhi ile kabla yao. Mzigua hakuwa mpunga wala hakuwa ndege. Alikuwa shamba. (Saadani yenyewe leo ni hifadhi ya taifa. Kitenzi hakijahama mbali.)

Nasema haya si kwa sababu napenda kurudi kwa wakoloni kila ninapokwama; uandishi wa namna hiyo unanichosha hata mimi. Nayasema kwa sababu Juni 2022 magari ya kwanza yaliyobeba familia kutoka Ngorongoro yaliwasili Msomera, wilaya ya Handeni, na neno lililoyasindikiza lilikuwa lilelile, safari hii kwa mavazi ya Kiarabu: uhifadhi.

Habari ya Ngorongoro inajulikana, nitaipitia haraka. Mwaka 1959 eneo hilo lilitengwa kutoka Serengeti ili Wamaasai, mifugo yao na wanyamapori waishi pamoja. Gavana Richard Turnbull aliwaambia viongozi wa Kimaasai mwaka huohuo kwamba masilahi ya wanyama na ya wenyeji yakigongana, ya wenyeji yatatangulia. Wakati ule watu walikuwa kama 8,000. Leo wanahesabiwa zaidi ya 100,000, na serikali inasema ardhi imeelemewa, wanyama wanabanwa, na wananchi wenyewe wanaishi maisha duni kwa sababu hawaruhusiwi kulima wala kujenga nyumba ya kudumu. Msomera wameandaliwa nyumba za vyumba vitatu zilizojengwa na JKT, mashamba, shule, maji. Wanaokwenda, inasemwa, wanakwenda kwa hiari. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2024, ilisema hiari hiyo ilifuatia kupunguzwa kwa huduma za afya na elimu kule Ngorongoro. Serikali ilikanusha. Desemba 2024 Rais Samia alikutana na viongozi wa jamii hiyo jijini Arusha, na tume mbili zikaahidiwa, moja ya ardhi na nyingine ya zoezi lenyewe la kuhama.

Mimi nashika sentensi. Katika hotuba za miaka ile, Ngorongoro inalindwa. Inalindwa na nani? Na serikali, tena kwa ajili ya dunia nzima, maana ni urithi wa dunia tangu 1979. Inalindwa dhidi ya nani? Hapo sauti hushuka. Hutajwa "shughuli za kibinadamu". Angalia fungu hilo: ni adui asiye na uso, asiye na mama, asiye na ng'ombe mwenye jina. Mkulima wa Handeni anayelinda nyani ana ukatili wake, ndiyo, anarusha mawe, lakini hasemi analinda mahindi dhidi ya "shughuli za kinyani". Anasema nyani. Uaminifu wa kitenzi chake uko hapo. Nyani, kama angejua Kiswahili, angejua anazungumziwa yeye.

Sasa, kuna hoja ya upande wa pili, na nisingependa kuipita kama basi lisilosimama Segera. Tembo hawasemi. Sensa ya mwaka 2009 ilionyesha tembo zaidi ya 100,000 Tanzania. Mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Miaka mitano! Waliouawa hawakuuawa na "mabadiliko". Waliuawa na watu wenye bunduki, na nyuma yao watu wenye magari mazuri na marafiki ofisini, wakilindana. Kusubiri tembo atoe kauli kama anataka kulindwa ni upuuzi. Kipo kitu kinachohitaji mlinzi bila kukiomba: mtoto mchanga, chanzo cha maji, mzee aliyepoteza kumbukumbu, faru. Na askari wa wanyamapori, yule wa chini kabisa, yuko lindo kwelikweli. Analala kwenye hema, ananyeshewa, wengine wamepigwa risasi na majangili. Mtu huyo ni wa dungu kama yule mtoto wa Mombo.

Ndiyo maana siamini kwamba jawabu ni kukitupa kitenzi. Ninachokitazama ni gharama. Dunguni, anayelinda ndiye anayekosa usingizi, na mpunga ni wake. Mbega aliumwa na miiba kwa ajili ya mazao ya wengine, akalipwa kwa makubaliano. Lakini kuna ulinzi ambao aliyetamka neno hakosi usingizi hata usiku mmoja, na gharama yote inakwenda kwa mtu ambaye hayumo kwenye sentensi. Ng'ombe wa mfugaji anauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu malisho yamefungwa. Mahindi ya mkulima yanaliwa na mnyama ambaye sheria inasema ni mali ya umma. Na hapo tazama lugha inavyofanya kazi: kanuni za mwaka 2011 zinazohusu madhara ya wanyama wakali hazimlipi mkulima fidia. Zinampa "kifuta jasho", na aliyejeruhiwa au kufiwa hupewa "kifuta machozi". Fidia ni deni, unaweza kulidai. Kifuta machozi ni kitambaa, unapewa na mtu mwenye huruma, akipata nafasi. Mimi ningependa kumjua aliyechagua maneno hayo. Alikuwa fundi wa Kiswahili.

Nilikuwa na nia ya kuandika kuhusu "linda" peke yake, lakini "hifadhi" inanivuta kwa sababu ni neno zuri lililopata kazi mbaya. Madrasa, kuhifadhi ni kuiweka Kurani moyoni mpaka isihitaji tena karatasi. Aliyehifadhi anaibeba popote. Hakuna anayehifadhi sura ya Kurani kwa kuizungushia uzio na kuwafukuza wanaoisoma. Neno hilohilo liko kwenye Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, pale mfanyakazi anapokatwa mshahara leo ili asidhalilike uzeeni. Hifadhi ya jamii ni ulinzi wa watu. Hifadhi ya taifa, katika masikio ya mfugaji aliyeondolewa Mkomazi mwishoni mwa miaka ya 1980, ni mahali ambapo yeye akikanyaga ni kosa. Mkomazi lilikuwa pori la akiba tangu 1951, likapanda kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Ukitoka Korogwe kwenda Same linakuwa upande wako wa kulia, nyuma ya milima. Na wanaolinda maeneo hayo sasa wanaitwa Jeshi la Uhifadhi. Jeshi! Hata jeshi letu kubwa, lilipoundwa upya mwaka 1964 baada ya maasi, walau liliongezewa maneno ya kutuliza: Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Tanzania. Mtu aliyepachika lile "la Wananchi" alijua kitenzi hiki kikiachwa peke yake kinaweza kumwangukia yeyote.

Inawezekana kuna familia zilizohamia Msomera kwa moyo mweupe na zimefurahi. Nyumba ya bati na shamba la mtu mwenyewe si jambo dogo, na mwandishi wa mjini anayewasikitikia watu kwa niaba yao naye anajifanya mlinzi ambaye hakuombwa. Kama mtu ameambiwa wazi, "Tunataka eneo hili libaki na wanyama, na nyinyi ndio tunaotaka mwondoke, hizi ndizo gharama tutakazobeba, mnaweza kukataa," akakubali, basi sentensi imekamilika na mimi sina neno. Mtenda yupo, mtendwa yupo, anayelindiwa ametajwa na amejibu.

Ila Msomera ilikuwa na watu. Hilo ndilo linalosahaulika hata na sisi tunaoandika kwa kuwatetea Wamaasai wa Ngorongoro. Kilikuwa kijiji cha wakulima na wafugaji, wenye makaburi yao, njia zao za kupeleka mifugo kwenye maji, na ugomvi wao wa kawaida wa mipaka, kabla ya lori la kwanza la saruji. Katika ripoti ile ya 2024, baadhi ya wakazi hao wa zamani walieleza kwamba ardhi waliyokuwa wakiitumia iligawiwa wageni bila ridhaa yao. Hawakuwa tishio kwa kreta yoyote. Hakuna faru aliyewahi kuwaona. Katika sentensi iliyotamkwa mamia ya kilomita kutoka kwao, wao hawakuwa mlinzi, hawakuwa kinacholindwa, na hawakuwa hata nyani. Waliamka wakakuta vigingi.